Nampeleka mama Dubai siku nne: ukiacha Burj Khalifa, kuna nini cha lazima?

#1 Mwana wa Kibiti
Habari za jioni wanajamvi. Mwezi wa kumi na mbili nampeleka mama yangu Dubai, siku nne. Ana miaka 67, mgongo unamsumbua, na hajawahi kupanda ndege. Tiketi na viza zimeshalipiwa, hoteli nimepata Deira. Nimebakiwa na kama dola 600 za kutembea na kula, sisi wawili.

Jamaa yangu aliyekwenda mara tatu kaniambia: "Dubai ukishapanda Burj Khalifa umemaliza, mengine yote maduka." Mimi nakataa. Haiwezekani watu wote wale wavuke bahari kwa ajili ya lifti moja. Waliofika na wanaoishi kule, nitajieni jambo moja ambalo mngelikosa mngejuta. Moja tu kila mtu, na sababu yake.

#2 Mzee wa Kariakoo
Jamaa yako hajakosea sana. Mita 828, ghorofa 163, na tangu Januari 2010 halijajengwa refu kulipita. Mama akirudi Kibiti ataulizwa swali moja: ulipanda au hukupanda? Kata tiketi mapema mtandaoni. Ghorofa ya 124 inatosha, ya 148 ni kuongeza fedha. Saa ya jua kuzama ndiyo ghali, kwa hiyo nendeni asubuhi.

#3 Bint Malindi
Mimi nimekaa Deira miaka sita nikifanya kazi saluni, na jibu langu ni abra. Ni mashua ya mbao inayovusha watu Khor Dubai, ule mkono wa bahari unaoigawa Deira na Bur Dubai. Nauli dirhamu 1. Unampa nahodha sarafu mkononi, unakaa kwenye benchi la katikati umeupa mgongo upande mmoja, injini inaguruma chini ya miguu, dakika chache umevuka.

Nendeni wakati wa magharibi. Adhana zinapokezana kutoka pande zote mbili za maji, taa za Bur Dubai zinawaka, na majahazi yamefungwa gatini yamesheheni friji, matairi na magodoro ya kwenda Somalia na Iran. Nilipokuwa na huzuni ya nyumbani nilikuwa navuka, nanunua chai ya maziwa, narudi. Nilihisi niko Kilindini.

#4 Chuma cha Reli
Mzee wa Kariakoo, wewe uliandika humu kwamba ulikwenda kununua taa Dragon Mart na siku ya tatu ukawa Dar. Burj Khalifa uliiona kupitia dirisha la teksi. Muache kijana apate ushauri wa waliotembea.

Jambo la lazima ni jangwa. Mji wote ule umesimama juu ya mchanga, sasa utaondokaje bila kuukanyaga? Magari yanakufuata hotelini saa tisa alasiri, mnafika Lahbab ambako mchanga ni mwekundu kama udongo wa Singida, dereva anapunguza upepo wa matairi ili yatandazike yasizame, halafu mnaanza kupanda na kuteremka vilima. Jioni kambini kuna mishikaki, hina, na tanura, ile ngoma ya kuzunguka na sketi pana. Hakuna kitu kama hicho kwetu.

#5 Mama Nuru
Mwana wa Kibiti, usimfuate Chuma cha Reli kabla hujanisikia. Mimi nina miaka 58 na nyonga mbovu. Mwaka juzi mwanangu alitulipia hiyo safari ya vilima. Dakika ishirini gari lilikuwa linaruka na kutua, nililia kwa maumivu, na siku mbili zilizofuata sikutoka kitandani. Kampuni iliyotupeleka, jina silitaji, haikuuliza umri wala afya ya mtu. Tukifika kambini tukaambiwa pikipiki za mchanga zinalipiwa mbali, picha zinalipiwa mbali.

Jangwa ni zuri, sikatai. Jua lile likizama nilimkumbuka marehemu mume wangu. Lakini omba safari isiyopanda vilima, zipo, tena ndizo zinazopita kwenye hifadhi. Ile hifadhi ya jangwa ya Dubai ina ukubwa wa kilomita za mraba 225, na humo wanarandaranda choroa weupe wa Arabuni. Mgongo wa mama hauna spea.

#6 Chuma cha Reli
Mama Nuru shikamoo. Hapo nimekubali, mgongo niliupita bila kuusoma. Ila jangwa libaki kwenye orodha, iwe hiyo safari ya taratibu.

#7 Nyumba ya Mawe
Mie ni wa Unguja, na nashangaa mpaka sasa hakuna aliyetaja paa. Nendeni Al Fahidi, mtaa wa zamani ule ambao wazee waliuita Bastakiya, halafu Shindagha, mtaa mwingine wa zamani. Kuzunguka vichochoro vya Al Fahidi hakuna kiingilio. Ingieni nyumba yoyote iliyo wazi, mnyanyue vichwa, muangalie dari. Mtaona boriti. Boriti zetu, za mikoko.

Pwani ile haina miti ya kujengea. Kwa mamia ya miaka majahazi yalikuja kwetu na kaskazi, yakiwa na tende, chumvi na papa mkavu, yakarudi na kusi yamebeba boriti kutoka delta ya Rufiji na Lamu. Kule wanaziita chandal. Kuta nazo ni za mawe ya matumbawe, sawa na Mji Mkongwe. Na ndiyo maana vyumba vya nyumba zile ni vyembamba: upana wa chumba ni urefu wa boriti, takriban mita tatu, basi. Mti ndio uliochora ramani.

Mama yako ni wa Kibiti, delta iko mlangoni kwake. Akipanda ghorofa 124 ataona mji wa watu. Shindagha ataona kazi ya watu wake.

#8 Mjomba Tabata
Maelezo matamu, lakini hiyo ya upana naitilia shaka. Wangetaka chumba kipana wangeweka nguzo katikati. Mimi ni fundi ujenzi. Chumba chembamba chenye dari la juu na mnara wa kukamata upepo hupoa upesi. Hao watu walikuwa wanapigana na joto, na Julai kule nyuzi zinapita 40.

#9 Shemeji wa Muscat
Mjomba Tabata, mbona Lamu vyumba ni vyembamba vilevile na minara ya upepo haipo? Nakubaliana na Nyumba ya Mawe. Huku Oman nyumba za zamani za pwani ni hivyohivyo.

Lakini nami niongeze la tatu, nililolisikia kwa babu wa mke wangu: chumba kilikatwa kwa kipimo cha mkeka na cha familia. Mtoto wa kiume akioa, kinaongezwa chumba kingine pembeni ya ua. Hakuna aliyehitaji ukumbi.

#10 Mjomba Tabata
Lamu upepo wa bahari unatosha, ndiyo maana hawakujenga minara. Nabaki na joto langu.

#11 Mzee wa Kariakoo
Mnambebesha kijana historia. Kwa mama wa miaka 67, nyumba za udongo na boriti si ndizo alizozaliwa nazo? Anakwenda kuona fedha ya mafuta ilivyofanya kazi. Mpelekeni Dubai Mall, akaone samaki kwenye kioo kikubwa kama uwanja, akaone Ski Dubai watu wanateleza kwenye barafu huku nje kunaungua.

#12 Nyumba ya Mawe
Mzee wangu, Ski Dubai iko Mall of the Emirates, tangu 2005. Dubai Mall ni ile ya miguuni mwa Burj Khalifa. Mama asije akazungushwa na teksi.

Na hiyo "fedha ya mafuta" tuiangalie vizuri. Mafuta Dubai yaligunduliwa 1966, yakaanza kuuzwa nje 1969. Sheikh Rashid bin Saeed, mtawala wa Dubai, alikuwa ameshauchimba Khor kuongeza kina mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa fedha ya kukopa. Na kabla yake, mwanzoni mwa karne ya 20, Waajemi walipopandisha ushuru bandari ya Lingah, Dubai ikafuta wa kwake, wafanyabiashara wakahama na mali zao na familia zao. Hao ndio waliojenga Bastakiya, jina lenyewe la mji wa Bastak. Uchumi wa Dubai leo mafuta ni kipande kidogo sana. Bandari ndiyo iliyoanza.

#13 Mzee wa Kariakoo
Umenisahihisha kwa heshima, asante. Lakini bandari kubwa ya Jebel Ali ilifunguliwa 1979, wakati mafuta yanatoka. Bila mafuta ingejengwa na nini? Na Abu Dhabi jirani yao ana visima, amewaokoa zaidi ya mara moja.

#14 Bint Malindi
Nyote mmesahau lulu. Kabla ya mafuta vijana wa kule walikuwa wanazama baharini miezi ya joto kutafuta chaza, pua zimebanwa, jiwe mguuni. Miaka ya 1930 lulu za kufugwa za Wajapani zikaua soko, watu wakalala njaa. Bibi mmoja wa Kiemarati niliyekuwa namtengeneza nywele aliniambia ile njaa ndiyo iliyowafunza kutotegemea kitu kimoja. Yeye hakutaja bandari wala mafuta.

#15 Dada wa Mwanga
Samahani nakatisha. Mimi nataka dhahabu. Jamani soko la dhahabu Deira ni kweli rahisi kwa sababu hakuna kodi? Namwoza binti Aprili.

#16 Chuma cha Reli
Kweli kabisa, Dubai hakuna kodi. Ndiyo sababu.

#17 Mama Nuru
Si kweli tena. Tangu Januari 2018 kuna VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 5. Mgeni anarudishiwa sehemu kubwa akinunua kuanzia dirhamu 250 kwenye duka lililojiunga na mpango huo, akionyesha pasi ya kusafiria dukani. Uwanja wa ndege pitia mashine za kurudisha kodi KABLA hujakabidhi begi, maana wanaweza kutaka kuona ulichonunua. Wengi wanakumbuka wakiwa wameshapita uhamiaji.

#18 Kipimo cha Tola
Mimi ni sonara, niko Mwanza. Dhahabu yenyewe bei yake ni ya dunia nzima, Dubai hawana dhahabu ya bei ya huruma. Tofauti iko kwenye ufundi. Pale maduka mamia yamepangana mlango kwa mlango, kila moja linaona bei ya mwenzake, kwa hiyo fedha ya ufundi wanaishusha sana.

Dada, fanya hivi: angalia bei ya gramu ya siku hiyo, imeandikwa ukutani kwa karati 24, 22, 21 na 18. Hiyo huwezi kuishusha. Uliza uzito. Zidisha. Kilichozidi juu ya hapo ni ufundi, na hapo ndipo unapigania. Mkufu wa mashine ufundi wake mdogo, wa mkono mkubwa. Ukiambiwa bei ya jumla tu bila kutenganishiwa, toka, duka la pili lipo hatua tatu.

#19 Dada wa Mwanga
Kipimo cha Tola ubarikiwe sana. Nimeinakili yote.

#20 Mjomba Tabata
Mimi ninavyoona rahisi inatokana na uaminifu wa karati. Ndugu yangu alinunua pete hapa nchini kwa bei ya karati 22, alipoipeleka kupimwa ikawa 18. Kule wakaguzi wa serikali wanapita. Bei inaonekana sawa lakini unachopata si sawa.

#21 Kipimo cha Tola
Mjomba, masonara waaminifu tupo. Ila pete ya ndugu yako siwezi kuitetea.

#22 Shemeji wa Muscat
Turudi kwa mama wa Kibiti. Kuhusu kula: msimalizie dola 600 kwenye mikahawa ya minara. Satwa kuna Ravi, mkahawa wa Kipakistani uliopo tangu 1978, mtakula mkatosheka kwa fedha ndogo. Na mtafutie mama chakula cha wenyeji. Akiletewa harees ataijua, ni bokoboko. Akiletewa lugaimat ataijua, ni kaimati, isipokuwa wao wanaimiminia asali ya tende na ufuta badala ya shira yetu ya iliki. Mama mkwe wangu alipoonja mara ya kwanza kwa jirani wa Kiemarati walibishana nusu saa nani alimfundisha nani.

#23 Bint Malindi
Sisi ndio tuliowafundisha.

#24 Shemeji wa Muscat
Mama mkwe alisema hivyohivyo. Jirani naye akasema ni za Baghdad.

#25 Daktari Mdogo
Jambo zito kidogo. Mama ana mgongo, bila shaka anatumia dawa. Tramadol na dawa zenye kodeini Falme za Kiarabu zinadhibitiwa vikali, usizibebe kiholela. Njoo na cheti cha daktari, dawa ziwe kwenye paketi zake, na uangalie utaratibu wa kuomba kibali mtandaoni kabla ya safari. Na mtu asikupe mzigo wa "nifikishie kwa ndugu yangu". Mirungi kule ni dawa ya kulevya, kesi yake si ya kituo cha polisi na kurudi nyumbani.

#26 Bint Malindi
Nakazia #25. Na kwenye metro msile wala msinywe, hata maji, hata bigijii. Faini dirhamu 100. Nol, kadi ya kulipia nauli, ile ya rangi ya fedha inauzwa dirhamu 25, ndani yake mnakuta nauli ya 19. Behewa lenye mstari wa waridi sakafuni ni la wanawake na watoto: mama akae huko kwa raha zake, wewe Mwana wa Kibiti usimfuate, hiyo nayo ni faini.

#27 Mwana wa Kibiti
Asanteni sana wote. Nimeongea na mama. Dawa zake nimezipeleka kwa daktari leo. Ratiba: siku ya kwanza kupumzika na abra jioni, ya pili Al Fahidi na Shindagha, ya tatu jangwa la taratibu, ya nne dhahabu kidogo na kurudi. Burj Khalifa tutaitazama kutoka chini usiku, bure. Mzee wa Kariakoo unisamehe.

#28 Mzee wa Kariakoo
Sikusamehi, utaniambia Januari.

#29 Mwana wa Kibiti
MREJESHO. Tumerudi salama, Alhamdulillahi.

Jangwa: Mama Nuru Mungu akulipe. Dereva alikwenda polepole, mama alivua viatu akatembea mchangani peke yake, akakaa kimya mpaka giza. Choroa tuliwaona saba.

Abra tulivuka mara sita kwa siku nne. Mama alikuwa analipa mwenyewe, amekusanya sarafu za dirhamu moja kwenye leso.

Burj Khalifa tulisimama chini, mama akaitazama dakika mbili akasema "haya", tukaenda kula.

Sasa Shindagha. Tuliingia chumba kimoja, mimi nasoma maelezo ya ukutani, nageuka simwoni. Amesimama nyuma ya mlango, ameinua uso, anahesabu kwa kidole. Nikamwuliza kuna nini. Akasema: "Hizi ni za kwetu. Hii ni kazi ya baba."

Babu yangu, ambaye mimi sikumkuta, alikuwa mkata boriti kwenye delta. Nilikuwa najua kwamba "alifanya kazi msituni", basi. Mama akanieleza palepale, tumesimama: walivyokuwa wanasubiri maji ya bamvua ndipo mashua ziingie mpaka ndani ya mito, kaka zake wanabeba mabegani kwenye tope la magotini, zinapangwa kwa unene, fito mbali, pau mbali, boriti mbali, nguzo mbali. Halafu yanakuja majahazi makubwa ya Waarabu, na manahodha wanawapa watoto tende. Yeye alikuwa mtoto wa kupewa tende. Hakuna aliyewahi kumwambia ile miti ilikwenda kufanya nini.

Mlinzi wa pale, kijana wa Kihindi, alimletea kiti.

#30 Nyumba ya Mawe
Nimesoma mara mbili. Mpe mama shikamoo yangu.

#31 Mjomba Tabata
Mwana wa Kibiti, hongera kwa kumtunza mama. Naandika kwa heshima yake, lakini nyumba zile zimekarabatiwa. Boriti nyingi zinaweza kuwa mpya, au za Lamu, au zimetoka kwingine kabisa. Huwezi kujua kwa macho.

#32 Shemeji wa Muscat
Kenya ilipiga marufuku kusafirisha boriti nje mwaka 1982. Za kale zilizobaki huku zinatunzwa na kutumika tena, nyumba ikibomolewa wanaziokota. Kwa hiyo ukarabati haumaanishi boriti mpya.

#33 Mzee wa Kariakoo
Mimi nauliza ni mti gani. Mkoko wenyewe, msinzi, au mkandaa? Baba yangu Kisiju alikuwa anasema kilichokwenda Uarabuni ni mkoko tu, kwa sababu mchwa hauli.

#34 Nyumba ya Mawe
Unguja wazee wanasema msinzi pia ulikwenda, kwa kunyooka kwake. Mkandaa ni mwembamba, wa fito na pau.

#35 Mwana wa Kibiti
Nimempigia mama sasa hivi. Anasema yote mitatu ilikwenda, ila za chumba kile ni mkoko, na anayejua kwa macho ni aliyezibeba. Mjomba Tabata amekutumia salamu. Anaomba mwenye picha ya dari la zamani la Lamu aiweke hapa, alinganishe walivyokata ncha, kwa sababu watu wa delta walikuwa na mkato wao.

#36 Bint Malindi
Nyumba ya bibi yangu iko Lamu, Mkomani, na dari lake halijaguswa. Ijumaa nakwenda, nitapanda ngazi nipige ncha kwa karibu.